Kabla ya Kujitetea: Somo kwa Sisi Tuliokaa Kivulini

Masomo: Mwanzo 3:8-13, Nehemia 5:1-13, Matendo ya Mitume 6:1-7



Somo la mwezi huu limetokana na aibu yetu wenyewe, wala hatuoni faida ya kuificha. Katika mkutano wa halmashauri ya mtaa, tulipokuwa tukipanga sikukuu ya mavuno, mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama alisimama. Aliwaamkia wazee kwa heshima, kisha akasema: "Wazee wangu, huu ni mwaka wa kumi na mbili sisi akina mama twapika, twafua vitambaa vya madhabahu, twapita nyumba kwa nyumba kukusanya mahindi na kuku wa mavuno. Mavuno yakiisha kuuzwa, fedha zahesabiwa na wengine, na sisi twaitwa kusikia yaliyokwisha kuamuliwa. Naomba kuuliza. Je, ni Mungu aliyepanga hivyo, au ni mazoea yetu?" Akaketi.

Sisi wanaume tulikuwa wengi katika mkutano ule. Mmoja wetu akajibu, "Nani aliyewakataza kusema? Mlango uko wazi siku zote." Wa pili akasema, "Mimi nyumbani kwangu mke wangu ndiye mwenye funguo zote. Mimi sina ubaguzi." Wa tatu akasema, "Maneno haya yametoka mjini, nayo yataligawa kanisa." Wa nne alitazama saa yake. Ndipo tukaendelea na jambo lililofuata katika orodha, na karani hakuandika hata neno moja la yale mama aliyosema.

Baadaye, tukiwa njiani kwenda nyumbani, baadhi yetu tulianza kuona jambo. Mama aliuliza juu ya fedha na maamuzi. Sisi tulimjibu juu ya wema wetu. Hakuna hata mmoja aliyelijibu swali lake.

Basi tumeona inafaa kujifunza pamoja juu ya ugonjwa huu wa kujitetea. Maana yake ni hii: mtu aliye na nafasi ya upendeleo, awe ameipata kwa sababu ni mwanamume, au kwa rangi yake, au kwa kabila lake au elimu yake, anapoambiwa habari ya nafasi hiyo, husimama mara moja kuilinda nafsi yake, hata hana masikio tena ya kusikia.

1. Ugonjwa wa zamani

Tukisoma Mwanzo 3:8-13 twamwona Adamu amejificha kati ya miti ya bustani. Mungu alimwuliza maswali, na swali ni mlango uliofunguliwa ili mtu aingie na kusema kweli. Adamu hakuingia. Alimtaja mwanamke, tena akaongeza kwamba mwanamke huyo alipewa na Mungu mwenyewe. Kwa sentensi moja alitupa lawama pande mbili, naye akabaki katikati kama mtu asiye na neno.

Tuangalie vizuri. Kujitetea kwa kwanza katika Biblia kulifanywa na mwanamume, na uzito wake ukamwangukia mwanamke. Tena Adamu hakusema uongo. Ni kweli mwanamke ndiye aliyempa tunda. Twaweza kujitetea kwa maneno ya kweli matupu, na bado tukawa tumejificha. Mlango wetu wa mkutano kweli ulikuwa wazi, na yule mke kweli ana funguo za nyumba.

2. Maandamano mawili katika mji mmoja

Ili tusidhani kwamba jambo hili ni la mtaa wetu tu, tutazame nchi ya Marekani. Huko watu waliopigania haki walinaswa na tego hili mara mbili katika mji mmoja wa Washington, na kati ya mara ya kwanza na ya pili ilipita miaka hamsini. Tumewachagua watu hawa kwa makusudi. Wengi wao walikuwa watu wema, nao walijitoa kwa ajili ya wenzao. Mtu mwovu akidhulumu hatujifunzi mengi, bali mtu mwema akidhulumu twapata kioo cha kujitazama.

Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 3 Machi 1913, siku moja kabla ya Rais Woodrow Wilson kuapishwa. Wanawake zaidi ya 5,000 waliandamana kudai haki ya kupiga kura. Wakuu wa maandamano walikuwa wanawake weupe. Palikuwa na hofu kwamba wanawake weupe kutoka majimbo ya kusini wasingekubali kutembea pamoja na wanawake weusi, kwa hiyo wanawake weusi wakaombwa watembee nyuma.

Miongoni mwao alikuwapo Ida B. Wells. Mama huyu alizaliwa mwaka 1862 katika utumwa huko Mississippi, akawa mwandishi wa magazeti, akaifunulia dunia habari za watu weusi waliokuwa wakiuawa na makundi ya watu bila hukumu ya mahakama. Alikuja na wenzake wa jimbo la Illinois, kutoka Chicago. Alipoambiwa arudi nyuma, alikataa. Aliondoka pale, wengine wakadhani amekubali. Kumbe alikwenda kusimama kati ya watazamaji, na kundi la Illinois lilipopita aliingia barabarani akashika nafasi yake, na wanawake wawili weupe waliokuwa rafiki zake wakatembea pamoja naye.

Siku hiyo hiyo wanaume waliojaa barabarani waliwazomea na kuwasukuma wanawake waliokuwa wakiandamana. Waliosukumwa na wanaume ndio waliokuwa wamewasukuma dada zao nyuma. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Tena sababu zao zilikuwa za adabu kabisa: wakati haujafika, tusiharibu shughuli kubwa kwa jambo dogo. Mwaka 1920 Katiba ya Marekani ilibadilishwa, wanawake wakapata kura. Lakini wanawake weusi wengi wa kusini waliendelea kuzuiwa kwa hila na vitisho, pamoja na waume zao, mpaka ilipotungwa sheria ya mwaka 1965. Jambo lililoitwa dogo lilichukua miaka arobaini na mitano zaidi.

Mara ya pili ilikuwa tarehe 28 Agosti 1963. Watu wapatao 250,000 walikusanyika Washington kudai kazi na uhuru kwa watu weusi. Ndiyo siku Martin Luther King alipotoa hotuba inayokumbukwa na dunia nzima. Safari hii viongozi walikuwa watu weusi, walioonja ubaguzi tangu utoto wao. Katika kamati ya matayarisho alikuwamo mwanamke mmoja, Anna Arnold Hedgeman, aliyefanya kazi na Baraza la Taifa la Makanisa na kuwaita Wakristo weupe kwa maelfu waje kuandamana. Aliposoma orodha ya wasemaji wakuu, hakuona jina la mwanamke hata mmoja. Akamwandikia barua mkuu wa maandamano, A. Philip Randolph, kupinga jambo hilo.

Majibu yaliyotolewa yanafanana na ya halmashauri yetu. Ilisemwa kwamba wanawake wamo tayari, kwa kuwa kila chama na kila kanisa lina wanawake ndani yake. Ilisemwa pia kwamba ni vigumu kumchagua mwanamke mmoja bila kuwaudhi wengine. Mwishowe wanawake walitengewa dakika chache za kupewa heshima. Daisy Bates, aliyesimama pamoja na wanafunzi tisa weusi wa Little Rock mwaka 1957 walipoingia katika shule ya weupe, alisema maneno machache sana. Mahalia Jackson na Marian Anderson waliimba. Maandamano yalipokwisha, viongozi walikwenda kuonana na Rais Kennedy, na katika ujumbe huo hapakuwa na mwanamke.

Tusiseme kwamba watu wale walikuwa wanafiki. Randolph alikuwa amewapigania watumishi weusi wa magari ya moshi miaka mingi. Watu wale walijua vizuri maana ya kuambiwa "ngojeni kwanza". Hata hivyo waliwaambia dada zao wangoje. Kuonewa hakumfanyi mtu awe na macho ya kuona kila uonevu. Aliyelala juu ya kitanda kimoja anawajua kunguni wa kitanda hicho tu.

3. Kwa nini twajitetea

Tumejiuliza wenyewe, tukaona sababu tatu.

Kwanza, twadhani tumeshtakiwa moyo, hali tumeulizwa juu ya kiti. Mtu akisema, "Wanaume ndio wanaoamua mambo ya fedha," sisi twasikia, "Wewe ni mtu mbaya." Basi twakimbilia kuleta mashahidi wa wema wetu: mama yetu, mke wetu, rafiki yetu wa rangi nyingine. Lakini mtu mwenye moyo mwema anaweza kukaa katika kiti asichostahili kukikalia peke yake. Utaratibu ambao siku hizi watu huuita mfumo dume hauhitaji wanaume wabaya ili uendelee. Wahitaji tu wanaume wema wasiouliza swali.

Pili, twayajua maumivu yetu wenyewe. Mkulima maskini aliyedhulumiwa bei ya kahawa, akiambiwa kwamba ana nafasi ya upendeleo, huudhika. Husema, "Upendeleo gani, hata viatu sina?" Hasemi uongo. Lakini jioni, yeye na mkewe wakitoka shamba moja wakiwa wamechoka sawasawa, mmoja huketi na mwingine huwasha moto. Mtu huyo huyo anaweza kuchomwa jua mahali pamoja na kukaa kivulini mahali pengine.

Tatu, kivuli hakisikiki mwilini. Jua huchoma, mtu akalijua. Kivuli hakimfanyii mtu neno, huketi tu akaona kwamba siku ni nzuri. Ni kama nahodha anayesukumwa na upepo wa kusi, akafika upesi, akasifu mikono yake. Anayepiga makasia kuukabili upepo huo huo hana haja ya kuambiwa kwamba upepo upo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wala si kwa ukatili. Tumbo lake halimwambii.

Mwaka 1988 mwalimu mmoja mwanamke mweupe wa Marekani, Peggy McIntosh, alieleza alivyoligundua hili. Aliona kwamba wanaume aliofanya nao kazi walikubali kuwa wanawake wamepungukiwa, lakini hawakukubali kwamba wao wenyewe wamezidishiwa. Alikasirika. Kisha akajigeukia nafsi yake, akaona kwamba mbele ya wanawake weusi yeye naye alikuwa kama wanaume wale. Akaketi akaandika mambo 46 ambayo yeye aliyapata kila siku kwa sababu ya rangi yake, wala hakuwa ameyahesabu kamwe: kuingia dukani bila kufuatwa na mlinzi, kusema bila kuombwa awasemee watu wote wa rangi yake, hata kupata plasta ya kidonda inayofanana na ngozi yake. Hakuandika orodha ya dhambi zake. Aliandika orodha ya vivuli vyake. Kwetu sisi, zoezi hilo lina faida kuliko hotuba nyingi.

4. Walioitikia vema

Biblia haikutuacha na Adamu peke yake. Yatupasa tuwatazame wengine wawili.

Wa kwanza ni Nehemia. Katika sura ya 5, watu na wake zao walipiga kelele juu ya ndugu zao Wayahudi waliowakopesha kwa riba mpaka wakawanyang'anya mashamba na kuwatia watoto wao utumwani. Wakuu walipoulizwa, walinyamaza, kwa kuwa hawakuwa na neno la kujibu. Kunyamaza kwao kulikuwa kwema, maana baada yake walirudisha mashamba. Lakini tusipite mstari wa 10 haraka. Nehemia alikuwa liwali, naye ndiye aliyeleta mashtaka. Hata hivyo alikiri kwamba yeye mwenyewe na ndugu zake na watumishi wake walikuwa wakikopesha. Hakusema "ninyi acheni". Alijitia ndani, akasema na tuache. Kiongozi anayejitia ndani huwafungulia wengine njia ya kutubu bila kudharauliwa.

Wa pili ni Mitume. Katika Matendo 6 kanisa la Yerusalemu lilikuwa changa na lenye furaha. Wayahudi waliosema Kiyunani wakanung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume wote kumi na wawili walikuwa wa upande wa Waebrania, yaani upande usiosahauliwa. Wangeweza kusema, "Sisi tulitembea na Yesu, mwatudhania kuwa wabaguzi?" Wangeweza kusema, "Leteni ushahidi." Wangeweza kusema, "Msiligawe kanisa, sisi sote ni wamoja katika Kristo." Maneno hayo yote yangalikuwa na ukweli ndani yake.

Hawakusema hata moja. Walikusanya jumuiya nzima, wakalitaja jambo mbele ya watu wote, wakawaambia watu wachague wasimamizi saba. Tusome majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote saba ni majina ya Kiyunani. Yaelekea kwamba kanisa liliweka mgawo wa chakula mikononi mwa wale wale waliolalamika. Mitume hawakutoa machozi wala hotuba juu ya upendo. Walitoa funguo za ghala. Mstari wa 7 watuambia kwamba baada ya hapo neno la Mungu lilienea. Yule mzee wetu aliyeogopa kwamba manung'uniko yataligawa kanisa, na ausome mstari huo mara mbili.

Hapa pana onyo moja. Kuna kujitetea kwa machozi. Mtu akiambiwa kosa lake hulia sana, husema, "Mimi ni mwenye dhambi kuliko wote," hata yule aliyeumizwa hulazimika kumfariji. Siku ile kidonda cha mlalamikaji hakitibiwi. Toba ya namna hiyo bado inakaa katika kiti kile kile.

Wala hatusemi kwamba kila lawama ni ya kweli. Watu hukosea, na wengine husema kwa chuki. Lakini huwezi kupima neno ambalo hujalisikia. Mitume walisikia kwanza. Na mlalamikaji akisema kwa ukali, tukumbuke kwamba huenda mara tisa alisema kwa upole, nasi hatukusikia.

5. Mama aliyeifikia Meza ya Bwana

Kuna Mkristo mmoja wa kanisa letu la Kianglikana ambaye maisha yake yanaunganisha haya yote. Jina lake Pauli Murray, mwanamke mweusi wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1910 na kulelewa Durham, Carolina ya Kaskazini. Mwaka 1938 aliomba kusoma katika chuo kikuu cha jimbo hilo, akakataliwa kwa sababu ya rangi yake. Akaenda kusoma sheria katika chuo kikuu cha Howard, chuo cha watu weusi. Huko alifikiri kwamba amefika kwao. Siku za kwanza darasani mwalimu mmoja alisema hajui kwa nini wanawake huja kusoma sheria, na wanaume wote wakacheka. Wanaume wale wasingeweza kuketi katika mikahawa mingi ya weupe mjini Washington. Katika mwaka 1943 Murray na wanafunzi wenzake, wengi wao wanawake, waliketi kwa utulivu katika mkahawa mmoja wa namna hiyo mpaka ukawakubali. Kicheko cha ndugu zake kilimchoma kuliko mlango uliofungwa na mgeni.

Alitoa wazo darasani kwamba wanasheria waache kuomba shule za weusi zilinganishwe na za weupe, badala yake washtaki ubaguzi wenyewe kuwa ni kinyume cha Katiba. Walimcheka tena. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha Katiba. Tuone hasara ya kutosikia: jibu linaweza kuwa limeketi darasani pamoja nasi, nasi twacheka.

Alimaliza mwaka 1944 akiwa wa kwanza katika darasa lake. Akaomba kuendelea Harvard, akakataliwa, safari hii kwa sababu ni mwanamke. Mwaka 1963, juma lile la maandamano makubwa, Randolph alikubali kuhutubia klabu ya waandishi wa magazeti mjini Washington ambayo wakati ule iliwaruhusu waandishi wanawake kuketi ghorofani tu, wasikilize kutoka juu. Murray alimpinga waziwazi, maana mtu mweusi alijua vema maana ya kutengewa mahali pa kuketi. Klabu ile iliwapokea wanawake kuwa wanachama mwaka 1971. Na mwaka 1966 Murray alipokuwa mmoja wa waanzilishi wa chama kikubwa cha kutetea wanawake, alikuta kwamba wanawake weupe wenye elimu walikuwa wakiwasahau maskini na weusi. Mwaka uliofuata alijitenga na uongozi wake. Aliwaambia wanaume weusi neno gumu, akawaambia wanawake weupe neno gumu, wala hakuwachukia. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, ingawa mara nyingi hana wapenzi wengine.

Kanisa lake nalo lilimkalisha nyuma. Ndipo mwaka 1976 lilipokubali wanawake wawe makasisi, na tarehe 8 Januari 1977, akiwa na umri wa miaka 66, Pauli Murray aliwekewa mikono katika kanisa kuu la Washington. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa kasisi katika kanisa la Kiepiskopali. Tarehe 13 Februari aliadhimisha Ushirika Mtakatifu kwa mara ya kwanza, katika kanisa dogo la mji wa Chapel Hill. Mwaka 1854, katika kanisa hilo hilo, bibi yake mzaa mama alibatizwa akiwa mtoto mtumwa, mali ya mama mmoja mweupe. Mjukuu wa mtumwa akasimama mezani, na weupe na weusi, wanaume na wanawake, wakanyosha mikono yao kupokea mkate kwake.

Kupokea ni kinyume cha kujitetea. Mtu hawezi kupokea mkate hali amekunja ngumi.

6. Turudi kwetu

Katika mkutano uliofuata, tulimwomba karani aandike yale mama aliyosema, kwa maneno yake mwenyewe. Tulimwomba radhi, kwa kifupi, bila hotuba. Kisha tukajibu swali lake: hapana, si Mungu aliyepanga hivyo, ni mazoea yetu. Akina mama wawili, waliochaguliwa na wenzao, sasa wanahesabu fedha pamoja na wazee, nao wana ufunguo mmoja wa sanduku. Habari ya kupika bado hatujaimaliza, na baadhi yetu tungali twatazama saa neno hilo linapotajwa.

Yule mama hakutushukuru. Mwanzoni jambo hilo lilituuma kidogo. Halafu tukafahamu kwamba hata kungoja shukrani ni kujitetea kwa namna nyingine. Mtu akirudishiwa kilicho chake, hana deni.

Maswali ya kujifunza katika vikundi

1. Mara ya mwisho ulipoambiwa kwamba umependelewa, neno lako la kwanza lilikuwa nini? Je, lilijibu lililoulizwa?

2. Andika vivuli vitano unavyokalia katika nyumba yako, kazini au kanisani, ambavyo hukuvitafuta wala hukuvihesabu kamwe.

3. Katika kikundi chetu, ni nani wanaofanya kazi na ni nani wanaoamua? Funguo za ghala ziko mikononi mwa nani?

4. Ida B. Wells alifuatana na wanawake wawili weupe waliotembea kando yake. Kwetu, kutembea kando ya mtu kungekuwa na gharama gani?

5. Nehemia alijitia ndani ya kosa alilolikemea. Viongozi wetu wafanyeje vivyo hivyo?

Tuombe

Ee Bwana, uliyemwuliza Adamu naye akajificha, utuulize na sisi, utupe neema ya kutoka mafichoni. Utufungue masikio kabla ya vinywa vyetu. Utuonyeshe vivuli tulivyokalia, na ndugu na dada zetu waliosimama juani ili sisi tuketi. Utupe mikono iliyo wazi, ya kurudisha na ya kupokea, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.